Mwenyekiti Aliyegeukia Ukuta

Mimi darasa la nne sikulimaliza. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke, kisha aje Kyela mjini aulize lile ghala la mchele lenye mlango wa bluu ni la nani. Nilianza na vyungu vya Lyulilo, navibeba kichwani mwenyewe. Leo nina ghala, nina lori la Kenta, nina shamba la kakao Talatala, na kwa kupatana bei sijaona wa kunishinda kuanzia Matema mpaka mpakani na Malawi.

Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba jina la binti yetu halimo kwenye orodha ya watoto wenye uoni hafifu, nilimjibu, "Niachie mimi."

Binti yetu wa mwisho anaona, ila kidogo. Daktari wa macho alituandikia cheti: miwani haitoshi, akae mbele, apewe maandishi makubwa na muda wa ziada. Alikuwa darasa la nne na mtihani wa taifa ulikuwa unakuja. Asipoandikishwa mapema angepewa karatasi ya kawaida, ambayo kwake ni kama mtu amemwaga ulezi mezani. Angefeli huku majibu anayajua.

Kikao cha kupitisha majina hayo kilikuwa cha mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya shule, na mwenyekiti ni baba yangu mzazi. Sasa kwetu Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani anakatisha kwenye migomba. Vijana wengi siku hizi wameacha, lakini mke wangu hajaacha tangu nimwoe, na mzee ndiyo kabisa. Basi yeye anayemfundisha mtoto kila siku akabaki nje chini ya dirisha, na mimi nisiyejua hata ukurasa waliofikia nikaingia.

Niliingia kama ninavyoingia sokoni. Sokoni unaanza juu, ili ukishushwa uangukie pale unapopataka.

"Mwalimu, mwanangu haoni kabisa! Giza tupu!"

Mwalimu mkuu, mama mmoja mtaratibu, akaweka kalamu chini. "Haoni kabisa?"

"Hata mkono wake mwenyewe!"

"Basi huyo hapa tutamwonea tu. Naandika barua aende shule ya bweni ya wasioona, akafundishwe nukta nundu."

Nilihisi kama Kenta imekatika breki mlimani. Mtoto wa miaka kumi aende mbali, akasome kwa vidole na macho anayo! Nikaanza kushusha. "Si kwamba haoni kabisa kabisa. Anaona nusu. Tuseme robo tatu."

"Tajiri, unamwelezea mtoto au unamuuza?"

Baba yangu akakohoa, kile kikohozi chake cha kunionea aibu.

Sauti ikatoka dirishani. "Mwalimu, cheti kiko kwenye mfuko wa shati lake."

Mzee aliijua sauti ni ya nani. Akainuka taratibu, akashika kiti chake, nikajua anaondoka na kikao kimekufa. Hakuondoka. Alikigeuza kiti, akaketi akitazama ukuta, kofia kaivuta mpaka masikioni.

"Mwambieni aingie," akauambia ukuta. "Aliyepo hapa ni mwenyekiti. Baba mkwe ametoka."

Mke wangu akaingia ameinama, khanga imemfunika uso, binti kamshika mkono. Kwapani alikuwa na bunda la kalenda za zamani. Akazitandaza mezani. Nyuma ya kila moja alikuwa amenakili masomo ya kitabuni kwa herufi nene kama vidole, kwa ile kalamu ya kuandikia magunia. Hapo ndipo nilipojua kwa nini kalamu za ghalani zilikuwa haziishi kuisha, na mimi nimewatukana wapakiaji mwezi mzima.

"Soma, mama," akamwambia binti.

Binti akasogeza uso karibu na karatasi, akasoma habari ya mto uliofurika na watu waliohamisha mpunga wao. Hakukwama. Kwenye nukta alipumzika, akaendelea. Mimi mwenyewe nisingesoma hivyo, na maneno kama hayo hayanitoki kila siku.

"Nani huyo anasoma?" mzee akauliza, bado na ukuta wake.

"Ni mimi, babu."

"Umekariri?"

"Sijakariri. Geuka uone."

"Siwezi kugeuka." Mwalimu mkuu akaficha kicheko nyuma ya daftari. Mzee akaendelea, "Mwalimu, mwandikishe. Nimemsikia kwa masikio yangu. Na dawati la mbele apewe leo."

Mwalimu alikwisha kuchukua cheti mfukoni kwangu na alikuwa anajaza fomu.

"Ndaga, tata," mke wangu akasema kwa sauti ndogo. Asante, baba. Sikuwahi kumsikia akimwambia neno lolote kabla ya siku ile. Mzee akauinamishia ukuta kichwa.

Fomu nilisaini mimi, kwa saini yangu yenye mkia mrefu ambayo benki wanaijua bila kuuliza kitambulisho. Angalau hilo nililiweza.

Siku ya mtihani, karatasi ya maandishi makubwa ilikuja. Binti alirudi mchana, akamenya ndizi, akala yote kabla ya kunijibu.

"Nimeyasoma maswali yote, baba. Ila herufi zao ni ndogo kuliko za mama."

Jioni nilimpelekea mama yake boksi zima la kalamu nene, mpya. Nikamwambia hizo magunia yasiziguse.