Kifungu cha Tisa cha Hati ya Undugu

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Itifaki hakunipa kalamu wala kiti. Alinipa pasi na bendera tatu zilizokunjamana, akaniambia nizinyooshe kabla wageni hawajafika. Ofisi yetu ilikuwa Rockville, ghorofa ya nne, juu ya duka la mazulia. Ilikuwa wakala binafsi, na jina lake sitalitaja. Jimbo la huku Marekani likitaka kufunga undugu na kaunti au mkoa wa nchi nyingine, wabadilishane wanafunzi na kufanya biashara, sisi ndio tulioandika hati, tukapanga meza na kuleta mkalimani. Mkalimani wa Kiswahili nilikuwa mimi, Tabitha, mwanamke wa Meru, niliyetoka kuwahudumia wazee majumbani mwao kule Takoma Park.

Siku hizo ukalimani ulikuwa wa namna mbili. Kuna ule wa kufuatana, ambapo msemaji anasema, ananyamaza, kisha nawe unasema. Kuna na ule wa kunong'ona, unapokaa nyuma ya bega la mgeni na kumpa maneno sikioni. Juu ya hayo kulikuwa na kutafsiri hati, na chini ya kila tafsiri niliweka sahihi kuthibitisha kwamba nakala mbili zinasema jambo moja. Mkuu wa Itifaki, mwanajeshi mstaafu asiyecheka ovyo, alinifundisha sharti moja tu. "Kukiwa na kosa," alisema, "inua mkono useme. Hapo hapo, mbele ya wote." Nilifanya naye kazi miaka tisa, na nilimheshimu.

Alipostaafu tukaletewa Mkuu wa Ushirikiano wa Kiuchumi. Huyu alicheka na kila mtu. Hati hakuzisoma; alizituma kwa wanunuzi wa mazao ya nchi hizo wazisome wao.

Mwaka wake wa pili tulipata kaunti moja ya Kenya inayolima kahawa. Kifungu cha tisa cha hati kilisema jimbo litasaidia chama cha ushirika cha akina mama kujenga kiwanda cha kukaangia kahawa na kuwafundisha kukiendesha. Nilikitafsiri mwenyewe. Akina mama wakaijadili hati ile miezi minane, kijiji kwa kijiji, wakaikubali. Kisha Mwenyekiti wao akasafiri na wenzake wanne kuja kutia sahihi.

Asubuhi ya sherehe nilikuwa nakagua mpangilio wa kurasa nilipoona kwamba kifungu cha tisa cha Kiingereza si kile nilichokifahamu. Kiwanda kilikuwa kimetoweka. Mahali pake paliandikwa kwamba chama kitauza kahawa mbichi kwa mnunuzi mmoja tu, kwa miaka kumi. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na mstari mpya: nakala zikitofautiana, itafuatwa ya Kiingereza. Nakala ya Kiswahili haikuguswa. Ilikuwa vilevile, na jina langu chini yake.

Nilimwendea Mkuu nikamwonyesha. Hakushtuka. Aliniambia akina mama watatia sahihi hati waliyoizoea, wana furaha, nisiwaharibie siku yao. Nikamwambia jina langu ndilo linalowahakikishia.

"Basi baadaye tutasema ni kosa la tafsiri," alijibu. "Hutafukuzwa. Makosa ya tafsiri hutokea."

Alikuwa amewauza wale akina mama, na lawama alikuwa ameshanitengea mimi.

Ukumbini Mwenyekiti alikuwa amekwisha kushika kalamu. Nikainua mkono.

"Mama, weka kalamu chini kwanza," nilisema. "Hati hizi mbili hazisemi jambo moja."

Alinitazama. "Unayasema wewe, au unatafsiri alichosema yeye?"

"Nasema mimi, Mama."

Akaniomba nimsomee kifungu cha tisa cha Kiingereza kwa Kiswahili, polepole. Nikasoma. Akataka nisome mara ya pili ili wenzake wasikie vizuri. Kisha akafunika kalamu.

"Mwambie," alisema, akimtazama Mkuu wangu, "kama alitaka kahawa mbichi, angeagiza kahawa mbichi. Mbona alituita ndugu?"

Nilitafsiri bila kupunguza hata neno. Ofisa aliyekuja kutia sahihi kwa niaba ya jimbo, ambaye naye hakuwa ameonyeshwa mabadiliko yale, alichukua nakala zote mbili akatoka nazo bila kuaga. Siku ile hakuna aliyetia sahihi.

Wiki iliyofuata nilipewa barua: nimekiuka maadili ya ukalimani kwa kusema maneno yasiyo ya msemaji. Hakuna aliyenihoji. Nilihamishiwa ghala la kumbukumbu Gaithersburg, nikapanga majalada ya zamani miaka sita, hadi nikastaafu. Mkuu alipandishwa cheo.

Baada ya miaka miwili jimbo na kaunti walifunga undugu wao bila wakala wetu, na kifungu cha tisa kikiwa kile cha kwanza. Binti yangu alinionyesha picha kwenye simu yake: Mwenyekiti amesimama mbele ya mtambo wa kukaangia, amevaa aproni. Binti akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nami nilikuwepo. Nikamwambia sikualikwa.

Wenzangu kanisani wananishauri nisamehe, maana kiwanda kipo na kinafanya kazi. Nakifurahia kiwanda. Lakini barua ile ingali kwenye jalada langu, inasema mimi ndiye niliyekosa uaminifu, na kijana yeyote wa kazi hii atakayelifungua ataisoma na kuogopa kuinua mkono. Siwezi kulikubali hilo nikaliita msamaha.

Nimewaandikia wale wa ofisini mara nne kwa Kiingereza kizuri kabisa, nikitaka waiondoe. Hawajanijibu. Mwaka huu nitawaandikia kwa Kiswahili, nao watafute wa kuwatafsiria.