Namba ya Busia-Busia

Enzi zetu, sisi wa Busia upande wa Uganda tuliovuka mpaka kila asubuhi kwenda shule upande wa Kenya, ugonjwa wetu ulikuwa Ijumaa. Siku hiyo mwalimu wa hesabu alisoma namba moja kubwa, mara mbili tu, nasi tukatafuta namba ndogo kuliko zote isiyoweza kuigawanya bila baki. Kikokotoo hakuna, ni vidole, kalamu na jasho.

Tulizozipenda tuliziita Busia-Busia: tarakimu tatu zinazojirudia, kama mji wetu wenye jina moja pande zote mbili. Ukipata namba ya aina hiyo, saba inaingia, kumi na moja inaingia, kumi na tatu pia. Ni zile tarakimu tatu mara elfu moja na moja, na elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Tuliijua hiyo kama majina yetu.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu alinionya kwamba nikikosa tena narudi la tano. Mama naye, akichemsha mihogo ya asubuhi, akaongezea: "We, kama wanakurudisha nyuma, mimi nakutoa shule. Unakwenda Masinya kulima na shangazi yako." Mama hakuwa mtu wa mzaha.

"Laki tatu, elfu sitini, mia tatu na sitini," mwalimu akasoma darasani Ijumaa hiyo.

Laki! Kwetu Uganda tulisema elfu mia, kisha milioni. Nikadhani laki ndiyo milioni, nikaandika 3060360. Mbili hadi sita zikaingia. Saba ikabakisha mbili. Basi, jibu ni saba. Nikainua macho: wenzangu wote bado wameinama wanagawanya. Hapo hofu ikanishika, maana sikuwahi kumaliza wa kwanza.

Nikanyanyua mkono. "Mwalimu, laki ni ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Anayecheka asimame atuambie ina sifuri ngapi," mwalimu akasema. Wote wakainamia madaftari. Akaandika ubaoni moja na sifuri tano.

Nikaandika upya: 360360. Busia-Busia! Zikaingia zote mpaka kumi na tano. Kumi na sita ikakataa. Kwa woga nikairudia mara tatu. Nikabaki la sita.

Juzi nilimsimulia binti yangu hayo, nikampa namba hiyo. Simu ikamjibu kabla sijavuta kiti. "Kumi na sita, Mama. Sasa hapo mlikuwa mnaogopa nini?" Nikamuuliza kwa nini saba inaingia. "Si imeingia tu? Ona." Watoto wa siku hizi wana raha, wananong'ona na kioo cha simu na hakuna wa kuwacheka. Nawaonea wivu, kusema kweli. Ila wiki ijayo anaanza shule ya bweni, simu haziruhusiwi, na sijawahi kumwona akinyanyua mkono kuuliza.