Mkutano wa Siri Uliotangazwa Ntoto

Ninyi ndugu zangu wa Butembo mmeniuliza mara nyingi nilienda kutafuta nini Ntoto wakati wa vita, siku ambazo hata wafanyabiashara wetu, watu wasioogopa barabara, walikuwa wamefunga maduka yao kule. Nitawaambia, ila msinikatize. Nilienda kwa sababu ya Furaha.

Furaha ndiye aliyekuwa sauti ya redio ndogo ya Ntoto: chumba cha mbao, pano moja ya kunasa umeme wa jua juu ya paa, na antena iliyofungwa kwenye mti mrefu. Kila jioni alisoma matangazo. Nani amekufa, msiba uko wapi, mbuzi wa nani amepotea. Siku moja alipanda kilima kinachoshika rezo ya simu, akanipigia simu Goma, ambako kazi yangu ilikuwa kuzikutanisha redio ndogondogo za vijijini. Watu wenye bunduki waliokaa mlimani juu ya kijiji, ambao kila mtu aliwaita tu wale wa pori, walikuwa wamemletea sauti ya mkubwa wao iliyorekodiwa kwenye simu. Ilikuwa inawaita vijana wote wapande mlimani kupigana. Walimwamuru aipitishe hewani siku ya soko kubwa. Akiipitisha, kundi la upande wa pili, adui zao, litaichoma redio. Asipoipitisha, wataichoma wao, na pengine yeye akiwa ndani.

"Dada, kama ni miye tu njo nakatala, nimekufa," aliniambia. "Lakini kama maredio yote inakatala siku moja, batakamata nani?"

Basi tukapanga kukutana: watu wa redio ndogo za Masisi na Walikale, wachache, kimya kimya, tukubaliane neno moja. Mahali ni Ntoto kwenyewe, maana Furaha akiondoka hata siku mbili wangesema amekimbia. Nilimsisitizia kila mmoja kwamba jambo hili lisitoke nje. Nilisema mpaka koo likanikauka.

Asubuhi ya safari nilipanda lori la Papa Kasereka, mtu wetu wa Butembo, mkatoliki wa kuanza kila safari na rozari na kuimaliza na malalamiko. Alikuwa anapeleka chumvi na sabuni Masisi. Nilipomweleza ninakokwenda alisema atafika nami mpaka Ntoto, kwa miguu ikibidi, kwa sababu anataka redio ile itangaze chumvi yake. Nilimwambia hiyo si sababu ya kuhatarisha roho. Akanijibu kwamba mimi sijawahi kubaki na chumvi isiyouzika.

Mubambiro, mbele ya kambi, askari walitusimamisha wakauliza mimi ni nani. Kabla sijafungua mdomo Papa Kasereka akasema mimi ni shemeji yake, nakwenda kwenye msiba. Nilikasirika, maana sikupenda safari yetu iitwe msiba mapema vile. Askari wakatupa pole, tukapita, na mzee akanicheka mpaka Sake.

Sake tulikuta soko limejaa kama kawaida yake, vita au hakuna vita. Watu walikuwa wanashuka kutoka Masisi na magodoro vichwani, na wengine, palepale, walikuwa wanapanda kurudi kuvuna maharagi yao. Tulinunua mikate na betri za redio. Mama aliyetuuzia akauliza tunaelekea njia ya Minova au ya juu. Tuliposema ya juu, ya Masisi kwenye vita, alituongezea mikate miwili ya bure. Nampenda mama yule hadi leo na jina lake silijui.

Kutoka Sake barabara inapanda na kuzunguka, na lori linalia. Lakini jamani, Masisi ni nzuri. Ng'ombe wamesimama kwenye majani ya kijani, ukungu unapita chini yao, na hewa inanukia maziwa. Tulilala Masisi centre, mjini kwenyewe, ambako wenzetu wa redio za huko walitusubiri. Nilikuwa nimewaambia wasionekane. Niliwakuta wamekaa barazani mbele ya duka, wanabishana juu ya mpira kwa sauti za watu waliozoea kusema kwenye mikro. Papa Kasereka akaniuliza kama hii ndiyo siri yangu.

Kesho yake tuliacha lori, tukaenda na pikipiki mpaka matope yalipozikataa, kisha tukatembea. Majani ya malisho yakaisha, msitu ukaanza. Chumvi ya Papa Kasereka ilibebwa kwa zamu, naye akitusimamia nyuma kama padri wa maandamano. Njiani hatukukutana na mtu wa bunduki hata mmoja. Badala ya kufurahi, nilizidi kuogopa, na nilimwomba Mungu tufike kabla ya giza.

Tulipokaribia Ntoto nikasikia ngoma. Halafu tukaona watu, kijiji kizima kando ya njia, akina mama na sufuria, akina papa wenye mashati ya Jumapili, wanatupungia. Mama mmoja alinikumbatia, akaniuliza kama miye njo ule dada wa Goma wa réunion ya siri, yaani mkutano wetu. Nikamtafuta Furaha kwa macho, nikamwona anakuja anacheka, mwembamba, na kitenge chake cha kijani, mikono wazi.

Alikuwa ametutangaza. Jioni tatu mfululizo, katikati ya vifo na mbuzi waliopotea, aliwajulisha wote kwamba wageni wa redio wanakuja kwa mkutano, wote wanaalikwa, wenye muhogo walete muhogo.

Nilimvuta ndani ya kile chumba cha mbao nikamfokea. Nilimuuliza kama ana akili, kama anajua wale wa pori nao wana masikio na redio. Alingoja nimalize. Kisha akanieleza, polepole, kwamba Ntoto hakuna mgeni anayelala bila kutangazwa. Wakati wa vita mgeni asiyetangazwa ni mpelelezi, na mpelelezi hachelewi kufa.

"Na tena, dada," akasema, "miye ni muntu wa redio. Ningefanya je?"

Nilitaka kuendelea kumkasirikia nikashindwa, nikacheka, naye akacheka, na baada ya hapo ndipo alipolia. Nilimshika mpaka aliponyamaza. Alikuwa hajalala vizuri tangu walipomletea ile simu.

Mkutano ulifanyika kesho yake kwenye uwanja wa kanisa, maana hakukuwa na nyumba ya kutosha watu wale. Tulikula kwanza, bugali ya muhogo na sombe ya majani yake. Mpango wangu wote wa kuzungumza kwa kunong'ona uliishia hapo. Tulikuwa bado tunajuana majina na wa Walikale, waliofika kwa njia yao, mtu na redio yake, aliposimama nyuma mwanaume mmoja wa makamo mwenye mwavuli. Watu wakampisha. Alikuwa mjumbe wa wale wa pori. Yeye naye alisikia kwamba wote wanaalikwa.

Alisalimia kwa heshima, akasema wakubwa wanauliza tu jambo moja, kama ile sauti itapita siku ya soko, ambayo ilikuwa kesho yake. Nikaanza kunyanyuka, mimi mwenye mkutano. Furaha aliniwekea mkono begani, akasimama yeye.

"Kaka," akasema, "mama yako alipokufa ku Walikale, nani alikujulisha?"

Yule mwanaume akajibu kwamba alisikia kwenye redio.

"Ni miye nilisoma. Na bale ba upande ingine balikuya kunikataza, sababu iko mama ya adui. Nikasoma. Ukashuka, ukazika mama yako. Sasa, kaka, kama leo napitisha sauti yenu, kesho nitapitisha ya bale. Kisha hakuna muntu atasikiliza tena. Na siku ile mutakuwa na mufu, nani atamutangaza?"

Ndipo wa redio ya kwanza ya Masisi akasimama, akataja jina lake na mahali pake, akasema kwake pia sauti ya bunduki haipiti, ya yeyote. Akasimama wa pili. Wakasimama na wa Walikale, na mwisho nikataja jina langu mwenyewe. Mjumbe alisikiliza wote. Akasema atafikisha. Hakuahidi kitu, lakini akina mama walimfungia bugali kwenye majani, naye aliipokea kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata ilibidi turudi. Nilimwomba Furaha twende pamoja, apumzike Goma hata wiki moja. Alikataa. Niliagana naye vibaya, kwa hasira ya mtu anayeogopa.

Jioni ya siku ya soko tulikuwa tumepumzika kwenye mgongo wa mlima, mahali pa mwisho ambapo redio ya Ntoto inasikika. Papa Kasereka alitoa kiredio chake. Saa ya matangazo ikafika, tukasikia mvumo mtupu. Ikapita. Mzee akatoa rozari. Mimi nilikuwa nimeinama, nimeziba uso, ninajilaumu kwa kumwacha.

Kisha Furaha akasalimia. Aliomba radhi, pano ilikuwa na mawingu. Akatangaza chumvi ya Papa Kasereka, na mzee akaitikia kama yuko kanisani. Akasema redio zote za Masisi na Walikale zimepatana kwamba mwenye bunduki hatapewa mikro. Halafu akaingia kwenye vifo, kwa ile sauti yake ya chini, na tangazo la kwanza lilikuwa limetumwa na wale wa pori. Kijana wao amekufa huko juu kwa homa. Wanaomba mama yake ajulishwe, apande bila woga kuchukua mwili, njia imefunguliwa.

Nililia sana, na sikuona haya. Nilikuwa nimekwenda Ntoto kuwafundisha watu kujificha, na wao walikuwa wanaishi kwa kujulikana. Mkiniuliza tena mkutano ule ulizaa nini, jibu langu ni hili: siku ile ya soko mama mmoja aliitwa akamzike mtoto wake, na hakuna mtoto wa mtu aliyeitwa kwenda kufa.