Mama Mkwe wa Mwalimu

Tangu Yudita alipoitwa nyumbani kutoka shule ya misheni ili awalee wadogo zake, hakuwahi tena kuketi kwenye dawati. Alikua, akaolewa, akafiwa na mume, na kwa miaka mingi amekuwa akiwapikia madereva wa malori hapa Makambako, penye njia panda. Wengine huvuka mpaka wa Tunduma wakiwa bado wanasimulia maharage yake. Lakini ukimuuliza habari zake, ataanza na kikundi cha akina mama wa mtaa wetu, wanaokutana kila Jumatano kusoma Maandiko.

Mwaka jana mwalimu wa kikundi hicho, Mama Rosemary, alihamia Iringa kwa mwanawe. Akina mama wakamchagua Yudita ashike nafasi yake. Hakujivunga.

"Nitawafundisha," aliwaambia. "Ila manabii siwagusi mpaka nami nifundishwe."

Nje kidogo ya mji wa Njombe ipo seminari ya Kilutheri inayowaruhusu waumini wa kawaida kuhudhuria baadhi ya vipindi kama wageni. Hawatahiniwi wala hawapewi cheti. Husikiliza tu, na kuuliza wakipenda. Mkuu wa seminari, Mchungaji Danieli, alimpokea Yudita kwa furaha, akamwelekeza kwenye somo la manabii, Alhamisi asubuhi. Wageni wenzake walikaa nyuma karibu na mlango, kwa adabu. Yudita alikwenda moja kwa moja hadi kiti cha mbele.

"Sikutoka Makambako kuja kutazama migongo ya watu," alisema, na wanafunzi wakacheka.

Vipindi vya mwanzo vilimwendea vyema. Kisha mwalimu wa somo hilo akahamishiwa usharika mwingine, na Alhamisi iliyofuata akaingia mwalimu mpya. Alikuwa Fredy, mume wa Jenifer, binti yake Yudita. Yudita alijua kwamba mkwewe amerejea kutoka masomoni. Hakujua kwamba amepewa kipindi kile.

Katika koo zetu za zamani, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki, bali ni heshima iliyozidi, nasi tulilelewa nayo kabla hatujajua kusoma. Yudita alivuta kanga usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hakuenda mbali. Aliketi barazani chini ya dirisha, akatega sikio. Ulikuwa mwezi wa Juni, na baridi ya Njombe haina huruma hata kwa wenyeji.

Ndani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Fredy, kwa kuogopa kuelekeza macho dirishani, alifundisha kipindi kizima akiwa ameutazama ubao. Mwishowe mwanafunzi mmoja aitwaye Odilo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ubao umeshaelewa. Tumebaki sisi."

Barazani nako sauti haikufika. Yudita alirudi Makambako akiwa ameambulia kikohozi. Mchungaji Danieli alipopata habari, alijitolea kumhamishia kwenye somo la historia ya kanisa.

"Asante, Baba Mchungaji, lakini sikuja kutafuta kiti," alijibu Yudita. "Nimekuja kwa ajili ya manabii. Akina mama wananingoja."

Fredy alimhurumia, akamtuma Jenifer ampelekee mama yake blanketi zito. Yudita alilipokea kwa shukrani. Alhamisi iliyofuata alijifunika nalo, palepale barazani.

Ndipo Fredy akaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mshenga wa ndoa yake.

"Babu, nimeshindwa," alisema. "Nimempa blanketi, bado yuko nje!"

"Ulimtuma nani?"

"Jenifer."

"Tangu lini binti akawa mshenga kwa mama yake? Na blanketi linafungua nini? Haya ya mkwe huondolewa kwa jembe jipya, Fredy. Baba yako hakukuambia?"

Alijikuna kichwa. "Jembe, Babu? Siku hizi?"

"Mama mkwe wako anatetemeka barazani siku hizi hizi."

Jioni ile alileta jembe, mpini wake bado una harufu ya mti mbichi. Nikalibeba begani hadi kwa Yudita. Alikuwa akisugua sufuria uani. Aliponiona alinawa mikono, akaipangusa kwa kanga. Nikalilaza jembe miguuni pake na kusema kama wazee walivyosema: mkweo anaomba uso wako.

Hakuliokota mara moja. Nilianza kuhofu kwamba tumechelewa.

"Jenifer ameridhika?" aliuliza.

"Ameridhika."

"Basi mwambie mumewe, ninalipokea kwa ajili ya darasa. Darasani yeye ni mwalimu, nami ni mgeni wake. Akija hapa kwangu bado ni mkwe, na chakula chake atapelekewa chumba cha pili."

"Jembe moja, Yudita, na masharti yote hayo?"

"Akitaka na sebule, alete la pili," alisema, akainama, akalichukua kwa mikono miwili.

Alhamisi iliyofuata nilimsindikiza Njombe, maana mshenga hufikisha safari yake. Yudita aliingia kwa mlango wa mbele, akaketi kwenye kiti chake, mgongo wima. Fredy alikuwa akiandika ubaoni. Alisita kidogo, kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu harusi yake akamtazama mama wa mkewe usoni.

"Kamwene, mama," alisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mwalimu."

Odilo akapiga makofi, na wenzake wakamfuata. Yudita alingoja watulie, kisha akainua mkono, kwa maana maswali ya barazani yote alikuwa nayo bado.