Niliwakataza kuwasha moto kabla sijaomba, harusi ya Frere Town ikanifunza uongozi

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Hii sikusimuliwa na mtu. Imenipata mimi, na sipunguzi kitu hata pale inaponiaibisha.

Mimi ni mtu wa bara, Mkamba, huu mwaka wa kumi na moja nakaa Chaani, Mombasa. Napika kwenye harusi na shughuli nyingine. Nina watu sita. Mpishi mkuu ni Bi Mwanakombo, mama wa Kisauni anayepika pilau tangu mimi sijui kumenya kitunguu. Kusema kweli, Waislamu hunipa kazi kwa sababu yake.

Nilipoanza biashara niliweka msimamo kwamba naiendesha kibiblia. Planning yote naianza kwa maombi. Hapo sina shida mpaka leo.

Shida ni sheria niliyoongeza mwenyewe: moto hauwashwi mpaka nifike, niombe, kisha nigawe kazi. Mimi, si mwingine.

(Msicheke bado.)

Siku moja nilimkuta Bi Mwanakombo ameshauwasha. Nikamsema mbele ya wenzake, nikamwambia hapa kuna utaratibu. Akajibu, "Haya, mwanangu," akauzima. Nami nikajiona kiongozi kwelikweli.

Wiki tatu baadaye tukapata harusi Frere Town. Mwenye shughuli alikuwa Mzee Athman, yule aliyenipa oda yangu ya kwanza wakati sina hata sufuria. Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Wageni mia tatu, chakula kiwe tayari watu wakitoka kuswali adhuhuri.

Aliniambia jambo moja tu: "Usiniaibishe, baba."

Asubuhi hiyo nikaona nipitie Bamburi kwanza. Kuna kampuni ilikuwa inatafuta mtu wa kulisha wafanyakazi wake, nikajua nitakaa dakika chache. Nikazima sauti ya simu, si unajua heshima ya ofisi. Mazungumzo yakawa marefu. Kutoka nje, saa nne kasoro. Kwenye simu kuna missed calls kumi na saba.

Nikakimbilia Frere Town. Nyama imekatwa. Mchele umechaguliwa. Vitunguu vimemenywa, beseni mbili nzima. Kuni zimepangwa vizuri chini ya sufuria. Na watu wangu sita wamekaa mkekani wananitazama.

Moto haujawashwa.

Hasira zikanipanda. Nikamuuliza Bi Mwanakombo kwa nini hakuanza.

"Wewe ndiwe uliyesema moto usiwashwe hata uje uombe," akanijibu taratibu, wala hakupandisha sauti. "Nimekupigia, hushiki. Sasa nami nikuulize, mwanangu. Nabii Musa alipopanda mlimani, si alimwacha nduguye Harun na watu? Wewe umemwacha nani?"

Wakuu, swali hilo lilinichoma.

Na kilichonichoma zaidi ni hiki. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimefundisha kanisani habari za Musa na mkwewe Yethro, jinsi mzee yule alivyomkuta Musa anaamua kesi za watu peke yake asubuhi mpaka jioni, akamwambia atachoka yeye na watu wake, achague wengine wamsaidie. Nilifundisha vizuri mno. Nilipigiwa makofi.

Siku hiyo niliomba maombi mafupi kuliko yote maishani mwangu. Chakula kikatoka saa nane na nusu. Wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa wameshaondoka, tumboni wana kahawa na tende tu. Mzee Athman hakunigombeza. Alinipa mkono akasema, "Inshallah, wakati mwingine." Afadhali angenitukana.

Kesho yake nikawaita wote. Nikamwomba Bi Mwanakombo radhi mbele yao, maana ni mbele yao nilimkosea. Moto ukawa wake, auwashe saa anayoona inafaa. Manunuzi nikampa Kazungu, mmoja wa wale sita. Mwezi wa kwanza sikuwa na amani. Kazungu alinunua iliki ya kupikia mwaka mzima, nikanyamaza. Safari ya pili akanunua ya kutosha.

Juzi Mzee Athman alikuwa anamwoza mpwa wake. Kazi ametupa sisi! Lakini simu alimpigia Bi Mwanakombo, si mimi. Iliniuma kidogo, nikameza.

Siku ya shughuli nilifika nikakuta sufuria zinachemka. Hakuna aliyesimama kunisubiri, hata salamu nilijibiwa na mtu mmoja. Nikakaa juu ya kreti la soda, nikafumba macho, nikaomba peke yangu.

Ndipo nikajigundua. Miaka yote ile nilikuwa naomba jicho moja liko wazi, naangalia nani hajafumba.

Kwa hiyo wakuu, maombi hayakuwa kosa, na bado naanza nayo kila kazi. Kosa ni kwamba nilijifanya mlango, kila mtu na kila kitu lazima kipitie kwangu, hata Mungu mwenyewe. Nilikuwa nasoma habari za Musa nikijiona Musa, wala sikuuliza Harun wangu yuko wapi. Alikuwa pale pale kwenye mkeka, kiberiti mkononi.

Nyinyi wenye biashara, mkichelewa kesho asubuhi, nani ana ruhusa ya kuwasha moto? Jibuni kwa ukweli, aibu yangu mimi nimeshaitoa.