Chujio la Masizi

Fundi wa malori pale Benaco, kabla ya kugusa injini, huinama kwanza nyuma ya gari, akapitisha kidole ndani ya ekzosi, bomba la moshi, na kukitazama kama kina masizi.

Juzi dereva alimwambia, "Mzee, chujio la masizi limeziba, ling'oe tu, gari lipate nguvu."

"Siling'oi, masizi yote yatatoka nje. Nitaungurumisha injini mpaka chujio lipate joto kali, masizi yaungue humo humo."

"Wenzako wanang'oa."

Fundi akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye mawe ya jiko ambako mkewe alichoma ndizi miaka yote, malori yakimpumulia moshi usoni, akikohoa huku akitaniana na wateja, hadi kifua kikamshinda.

"Wewe si ulikuwa unakula ndizi zake?"

Dereva akavua kofia, akaketi kusubiri.