Udongo Alioukataa Mama Kibe

Mimi sina mdomo wa kusifu watu. Waulize mafundi wa mtaa wa Matisi, watakuambia Kagwe akisema kazi yako "si mbaya" unaenda nyumbani ukipiga mluzi. Lakini Rosaline Waruguru, ambaye sote tunamwita Mama Kibe, nitamsifu leo, na asiyependa azibe masikio.

Nilimjua akibeba maji. Miaka kumi na moja iliyopita, kwenye mjengo mmoja hapa Kitale, alikuwa akiniletea mitungi ya kuchanganyia simiti, na kila akitua mtungi alikuwa na swali. Mbona udongo unamwagiwa maji kabla ya kushindiliwa? Mbona yasiwe mengi zaidi? Mimi ni fundi wa mawe, ningejua wapi? Nilimwambia anyamaze abebe. Hakunyamaza. Baadaye alipata kibarua cha barabara kule Cheptais, akaifuata rola, ile mashine ya kushindilia udongo, kwa miguu wiki sita nzima. Dereva wa rola hiyo, Abdikarim, akamfundisha kupima udongo kwa kiganja. Ukiufinya ukashikana, na mkono ukabaki safi, maji yametosha. Ukimomonyoka, bado una kiu. Ukikuachia tope, umelewa, uache ukauke.

Mwaka jana tukaenda Tongaren, ambako wenyeji walikuwa wanajenga chumba cha kujifungulia akina mama kando ya zahanati yao. Mkandarasi wetu akamkabidhi Mama Kibe kazi yote ya kujaza msingi, kuanzia kuchagua udongo hadi kuushindilia kwa rola ndogo ya kusukuma. Hakuwa amewahi kupewa usimamizi. Mkandarasi akamwambia mbele yetu sote, "Injinia anapima Ijumaa. Msingi ukianguka hicho kipimo, unarudi kwa mitungi." Yeye akaitikia tu kwa kichwa.

Jumatatu asubuhi tukaletewa zawadi. Mzee Khisa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alifika na trekta mbili zimejaa udongo mweusi, na nyuma yake watu wakiimba. Kila boma lilikuwa limechimba pembe nzuri kuliko zote ya shamba lake. Ukitaka kujua mahindi ya Tongaren hunenepa kwa nini, ni udongo huo.

"Tumereta udongo ile safi kabisa, ya juu," Mzee akasema. "Hatukureta takataka."

Mama Kibe aliushika, akaunusa, akachomoa humo mzizi wa muhindi mrefu kama kidole. "Asante sana, Mzee. Lakini hii haiwezi kuingia kwa msingi."

Wimbo ukakatika. Nikamvuta pembeni haraka.

"Mama Kibe, una wazimu? Watu wametoa udongo ya shamba yao, bana. Changanya kidogo, nani atajua?"

"Sakafu itajua," akanijibu.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwona mwanamke anayetaka kutufukuzisha kazi sote kwa ajili ya mzizi mmoja. Yeye akaniacha nimesimama, akamrudia Mzee.

"Mzee, ile mbolea ya ng'ombe ulimwaga kwa shamba mwaka jana, iko wapi saa hii?"

"Si ilioza, ikaisha."

"Basi hii udongo imejaa vitu za kuoza. Zikioza huko chini zitaacha nafasi, na sakafu itaingia hapo. Na mama amelala juu yake na mtoto."

Mzee akatazama huku na huku. "Na hiyo yako wewe iko wapi?"

Mama Kibe akaonyesha lundo la udongo wa chini kando ya ua, maramu nyekundu yenye vijiwe isiyo na cha kuoza, iliyotoka kwenye shimo la choo tulilochimba. Tulikuwa tunangojea lori lije kuitupa.

"Ati anakataa yetu, anataka ya choo!" mwanamke mmoja akasema, na watu wakacheka.

"Choo yenyewe haijatumika, mama," Mama Kibe akasema, naye akacheka. Udongo mweusi akaomba umwagwe karibu na jiko la zahanati, ipandwe sukuma wiki. Mzee Khisa akageuka akaenda zake bila kuaga.

Siku zilizofuata Mama Kibe alitutumikisha, nami nilinung'unika kila hatua. Tuliondoa kila jiwe kubwa kuliko ngumi na kila bonge la udongo wa mfinyanzi. Tulitandaza tabaka la inchi sita, tukanyunyiza maji, tukapitisha rola, naye akafinya udongo kiganjani, akasema, "Tena." Jumatano mvua ikatukuta katikati ya tabaka la tatu. Lundo alikuwa amelifunika kwa turubai, lakini tabaka lenyewe lililowa. Kesho yake akatuamuru tulikwangue lote, tulianike juani, turudie upya. Nilimtukana kwa Kikuyu, na akanijibu kwa Kikuyu hicho hicho.

Ijumaa akaja Injinia Adan. Alichimba kishimo katikati ya msingi, akapima uzito wa udongo uliotoka, akakausha kiasi chake kwa jiko la gesi, kisha akakijaza kishimo mchanga mkavu ili ajue ukubwa wake. Kamati nzima ilikuwa imesimama. Mama Kibe alikuwa ameshika mpini wa rola kwa mikono miwili. Nami nilijikuta naomba Mungu.

"Tulitaka udongo ushikane tisini na tano kwa mia," Injinia akasema, akiniangalia mimi. "Hii imefika tisini na saba. Fundi, umefanya kazi."

"Si mimi. Ni huyu," nikasema, na pengine nilipaza sauti kuliko ilivyohitajika. Kifua kilikuwa kimenijaa, utadhani ni mimi niliyemzaa.

Mzee Khisa hakuwa amemsalimu tangu Jumatatu. Sasa alichukua jembe kwa mtu, akapanda pembeni mwa msingi, akaliinua juu kabisa na kulishusha kwa nguvu zake zote za mkulima. Jembe likalia na kuruka. Akapiga tena. Akainama kutazama, akakuta mchubuko tu.

Akasimama akihema, akamtazama Mama Kibe.

"Hapa," akasema polepole, "hata hindi moja haiwezi mea."

"Asante, Mzee," Mama Kibe akasema, akipangusa macho kwa mkono wenye vumbi jekundu. "Hiyo tu ndiyo nilikuwa natafuta."